Pale Mvua Zinapoungana

Barua iliyomshitaki Mchungaji Yosia Byarugaba haikuwa na jina la mwandishi, lakini ilikuwa na jina langu. "Mtumeni Eunike Chilongani," ulisema mstari wa mwisho. "Huyo hahongeki wala hachekewi."

Nilipoisoma ofisini Dodoma nilivimba kichwa, nakiri. Miaka kumi na mmoja nagonga mihuri katika Baraza la Nyakati, na hatimaye kuna mtu huko nje aliyeiona kazi yangu. Lakini nikiwa ndani ya ndege, tumeshavuka Tabora, shaka ikaanza kunila. Mtu anayekuchagulia mwamuzi ana lake jambo. Nikaisoma barua tena, safari hii kwa jicho la kazi, na sikuipenda hata kidogo.

Shtaka lenyewe lilikuwa fupi. Mchungaji huyu, ambaye pia ni profesa wa matope ya kale, ana kituo cha utafiti kando ya ziwa dogo la Kyamwani, milimani juu ya Bukoba. Alizamisha bomba mpaka chini kabisa ya ziwa na kuchomoa nguzo ya tope, na katika nguzo ile akakuta utando mwekundu mnene kama kiganja, uliovurugika, dalili ya maji makubwa kupita kiasi. Gharika. Toka sakafu ya ziwa hadi kwenye ule wekundu kuna matabaka elfu nane mia nane na arobaini. Mwaka mmoja huweka tabaka moja, hilo hata mtoto wa darasa la tano analijua. Lakini cheti ambacho Baraza lilikipa kituo kilisema gharika ilitokea miaka elfu nne mia nne na ishirini iliyopita.

Nusu kamili. Tena nusu hiyo ndiyo namba wanayoifikia wale wanaojumlisha umri wa mababa katika kitabu cha Mwanzo, kuanzia Nuhu kuja huku kwetu. Bahati gani hiyo? Mimi siamini bahati inayokuja imenyooka hivyo. Niliposhuka kwenye ndege hukumu nilikuwa nayo mfukoni tayari, nilichokuwa natafuta ni mahali pa kuigonga tu.

*

Mchungaji alinisubiri mlangoni, mzee mwembamba mwenye sweta la kijani na kandambili.

"Mbukwenyi," akanisalimia, kwa Kigogo safi cha kwetu.

"Shikamoo, Mchungaji," nikajibu kwa Kiswahili. Sikutaka anizoee.

"Marahaba, Mkaguzi. Karibu ndani, huku baridi haina adabu."

Chai ilikuwa mezani, vikombe viwili. Kimoja kilikuwa na kisahani cha sukari pembeni, kingine hakina. Kile kisicho na sukari kilikuwa mbele ya kiti changu.

"Nani kakwambia situmii sukari?"

"Niliuliza."

"Ulimwuliza nani?"

"Mgeni huulizwa, Mkaguzi," akasema, akacheka kidogo. Nikafungua daftari nikaandika: anajua mambo yangu. Kisha nikaangalia meza. Ilikuwa imepanguswa. Rafu za vitabu zilikuwa zimepangwa. Hata viatu vya mlangoni vilikuwa viwili viwili. Nyumba ya mtu asiye na cha kuficha huwa na vurugu kidogo, hilo nimejifunza kazini.

Nikamweleza utaratibu, ingawa aliujua. Miaka ile mashine zilipoanza kutunga picha za zamani, kila dini na kila ukoo ulijitengenezea filamu yake ya mwanzo wa dunia, watu wakabishana mpaka wakachomeana nyumba. Ndipo ikapitishwa sheria kwamba hakuna umri wa jambo la kale utakaoingia kwenye kitabu cha shule bila muhuri wa Baraza. Muhuri una maneno mawili: Kweli, au Uongo. Hakuna la tatu. Chini ya Uongo kuna mstari usemao *Aliyebadili hesabu*. Jina linaloandikwa pale, mwenye nalo hashuhudii tena jambo lolote maishani mwake. Mahakamani hasikilizwi. Hata kusimamia ndoa ya mpwa wake haruhusiwi.

"Na vitabu vya darasa la sita vinakwenda kuchapwa lini?" nikauliza.

"Jumatatu."

"Leo Ijumaa."

"Leo Ijumaa," akakubali, akaangalia kikombe chake. "Nikigongewa Kweli, watoto laki mbili watasoma namba ile. Nikigongewa Uongo itatolewa, na mimi nitatolewa pamoja nayo."

Aliyasema hayo bila woga. Nikaandika na hilo pia.

*

Msomatope, mashine ya kusoma tope, alikuwa chumba cha nyuma, na mwendeshaji wake aliitwa Ma Kokuhirwa, mama wa makamo, mrefu, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Kabla ya kuajiriwa hapa miaka ishirini nyuma, alikuwa akiuza senene sokoni Bukoba. Aliniambia hayo kabla sijauliza, akiwa anafuta kioo cha mashine kwa pindo la kitenge.

Wasioijua mashine hii huiogopa bure. Sindano ya mwanga hupita juu ya tope punje kwa punje. Vumbi maana yake kiangazi, udongo wa mtoni maana yake mvua. Inatambua chavua za maua, majivu, mabawa ya wadudu. Kisha inakusanya yote na kukuletea kupitia kofia: unavaa, na unasimama ndani ya msimu ambao hakuna aliye hai aliyewahi kuuona. Unausikia, unaunusa, ngozi inapata ubaridi wake. Siku yangu ya kwanza kuvaa nililia. Siku hizi naivaa kama mtu anavyovaa aproni.

"Nitafutie mvua za mwaka wa Uhuru," nikamwambia Ma Kokuhirwa.

Zile zinajulikana. Mwaka wa sitini na moja wa karne iliyopita, maziwa yote ya Afrika Mashariki yalifura. Kuanzia hapo mpaka sasa ni miaka mia moja na kumi na moja. Kama tabaka moja ni mwaka mmoja, zitakuwa kwenye tabaka la mia moja na kumi na moja, na mchungaji atakuwa mwongo kabla ya saa sita mchana.

Nikavaa kofia. Tabaka la mia moja na kumi na moja lilikuwa na manyunyu tu, na harufu ya majani makavu ya migomba.

"Nenda mia mbili ishirini na mbili," Mchungaji akasema nyuma yangu, taratibu.

Mvua ikanipiga mpaka nikashika meza. Mvua isiyopumua, inayokuja na ardhi yote ya mlimani. Nilivua kofia masikio yakilia. Nikachomoa waya, nikaweka kipimo changu mwenyewe nilichotoka nacho Dodoma, nikarudia. Nikarudia mara ya tatu. Mvua za Uhuru zilikuwa palepale.

"Huku mwaka una mvua mbili, Mkaguzi," akasema. "Masika na vuli. Kila moja inashusha udongo wake ziwani. Kwenu Dodoma mvua ni moja, tena inakuja kwa kubembelezwa."

Ma Kokuhirwa akaangua kicheko. Mimi sikucheka, ingawa ilikuwa kweli.

"Wazee wetu walihesabu kila msimu kuwa omwaka," Mchungaji akaendelea, sasa kachangamka kama mwalimu aliyepata darasa. "Bibi wa miaka themanini alikuwa na arobaini ya kwenu. Ndiyo maana mimi wale mababa wa Mwanzo hawakunitisha nilipokuwa seminari. Nilijiuliza, je, walihesabu nini? Wasumeri waliandika kwenye vibao vya udongo kwamba mfalme wao wa kwanza alitawala miaka elfu ishirini na nane na ushee. Ukimweka karibu na huyo, Methusela alikufa kijana."

"Methusela ukimgawa kwa mbili anabaki na mia nne themanini na nne na nusu."

"Bado mingi, ndiyo."

"Na Nahori alimzaa Tera akiwa na miaka ishirini na tisa. Ukimgawa naye, kazaa akiwa na kumi na nne na nusu."

Mimi ni binti wa mwinjilisti, Mwanzo naijua, na nilifurahi kumwona amekwama. "Ni kweli," akasema mwishowe. "Ufunguo ule haufungui milango yote." Halafu kwa haraka, kwa haraka mno: "Basi umeshaona mashine haina kasoro. Twende tukale, ndizi zinapoa."

Nikatazama saa. Saa nne na nusu asubuhi. Ndizi gani zinaliwa saa nne na nusu?

"Nataka kushuka chini," nikasema.

"Chini wapi?"

"Mpaka kwenye gharika."

"Mashine inachoka ikishushwa sana. Muulize Ma Kokuhirwa."

"Ndivyo ulivyoniambia, Mwalimu," Ma Kokuhirwa akasema. "Miaka yote." Nikamwona anamtazama Mchungaji kama mtu anayelisikia neno lake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Mchungaji akatoka. Hakufunga mlango.

*

Tulivaa kofia mbili, mimi na Ma Kokuhirwa, tukaanza kushuka. Yeye alikuwa na namna yake ya kusoma ambayo haikuandikwa kwenye mwongozo wowote. Mimi naangalia vumbi na udongo. Yeye alikuwa ananusa senene.

"Hapa wapo," akasema tulipofika tabaka la elfu moja. "Tabaka la pili hawapo. La tatu wapo. Umesikia mabawa yao? Senene wenyewe ni wa vuli, mwezi wa kumi na moja. Masika wanakuja wa kuhesabika, hata gunia hulijazi."

Nilipenda kipimo kile. Hakikutoka kwa Mchungaji, hakikutoka kwa Baraza, kilitoka kwa mwanamke aliyekula kwa senene. Tukashuka elfu mbili, elfu tatu, elfu nne. Wapo, hawapo, wapo, hawapo. Mvua mbili kwa mwaka, bila ubishi. Nilianza kuona aibu ya kumdhania mzee wa watu vibaya.

Tabaka la elfu tano na mia mbili, Ma Kokuhirwa akanishika mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Mabawa. Tabaka lililofuata chini yake, mabawa. Lililofuata, mabawa. Tukaenda mbele matabaka hamsini, mia, mia tano. Kila tabaka lilikuwa na senene wake, na mvua ndani yake ilikuwa ndefu, inaanza taratibu, inakaza, inakwisha mara moja. Hapakuwa na kiangazi kidogo katikati.

Ma Kokuhirwa alivua kofia, miwani ikamwanguka mapajani.

"Mkaguzi, huku chini mvua ni moja."

"Una hakika?"

"Senene hawaji mara mbili wakawa wengi mara zote mbili. Sijawahi kuona, mama yangu hajawahi kuona. Ni vuli na masika zimeshikana. Mwaka una tabaka moja huku, kama kwenu."

Nikachukua daftari. Matabaka elfu tano na mia mbili ya juu, ugawe kwa mbili, ni miaka elfu mbili na mia sita. Yaliyobaki mpaka kwenye wekundu ni elfu tatu mia sita na arobaini, na hayo hayagawiki. Jumla miaka elfu sita mia mbili na arobaini. Nilijumlisha tena, nikitumaini nimekosea. Haikuwa namba ya Mchungaji. Haikuwa namba yangu pia, na hilo liliniuma zaidi ya nilivyotarajia.

"Hujawahi kushuka huku?" nikamwuliza Ma Kokuhirwa.

"Alinikataza. Alisema mashine itaharibika." Alikuwa anaikunja kofia mikononi kama nguo inayokamuliwa. "Miaka ishirini, Mkaguzi. Mtu niliyemwita mwalimu."

*

Mchungaji alikuwa barazani, sahani za ndizi mbele yake, hakuna iliyoguswa.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza wa mashine hii. Nilivaa kofia mwenyewe, Jumapili mchana baada ya ibada, hakukuwa na mtu." Akanionyesha kiti. "Keti basi. Barua ile niliandika mimi."

Niliketi.

"Umejishitaki mwenyewe?"

"Cheti cha Baraza mwenye kituo hawezi kukifuta. Nimesoma sheria mpaka kurasa zimechanika. Kinafutwa na muhuri wa Uongo peke yake, na muhuri wa Uongo unataka mshitakiwa. Basi nikawapa mshitakiwa."

"Kwa nini sasa? Kwa nini si mwaka ule ule?"

Alisogeza sahani pembeni. "Namba ile ilipotoka, watu walilia kanisani. Vijana wetu walikuwa wametoka kuchekwa vyuoni kwamba Biblia yao ni ngano za bibi. Mama yangu alikuwa na miaka tisini na moja, alisimama akaimba bila fimbo. Akafa mwezi uliofuata. Na mimi nilifurahi, Mkaguzi, usije ukaandika kwamba nilihuzunika. Nilifurahi mno. Nikasema nitasubiri kidogo. Ukishasubiri mwaka mmoja, wa pili unakuwa mwepesi. Lakini sasa wanataka kuitia kwa watoto. Mtoto yule akikua atavaa kofia mwenyewe, atasikia ninachokisikia, na siku hiyo hataitupa namba yangu peke yake. Atatupa kitabu kizima."

"Ungeniambia tu nilipofika."

"Ungeniamini?"

Nisingemwamini. Ningedhani ni ujanja wa kuchelewesha.

"Andika jina langu," akasema. "Gonga Uongo, tarehe ya leo, tumalize. Unajua kinachonikera katika habari ya bustani? Si nyoka. Adamu alipoulizwa alimtaja mkewe. Mkewe akamtaja nyoka. Nyoka hakupewa hata nafasi ya kujibu. Nataka mtu mmoja tu aulizwe, aseme ni mimi."

Yalikuwa maneno mazuri. Mazuri mno, na mimi maneno mazuri hunisisimua ngozi vibaya. Nilitoa fomu, nikaiweka juu ya goti. Nilipofika kwenye mstari nikasita, kwa sababu fomu haiulizi jina tu. Inauliza *Aliyebadili hesabu*, na tarehe aliyoibadili.

"Uliibadili lini?"

"Andika yoyote."

"Mchungaji, mimi siandiki yoyote. Mashine ilipewa lini amri ya kuhesabu mbili kwa moja mpaka chini?"

"Haina haja." Mara ya kwanza toka asubuhi, sauti yake ilitetemeka. "Mkaguzi, mwanangu, nimekwisha kukiri. Kukiri hakutoshi?"

Nikasimama. "Ma Kokuhirwa! Jalada la maombi ya mashine liko wapi?"

"Kabati la chini," akajibu toka ndani. Mchungaji aliinuka kama anayetaka kunizuia, kisha akaketi tena.

*

Jalada lilikuwa na karatasi moja, ya miaka kumi na mmoja iliyopita. Kila badiliko la msomatope lazima liombwe Dodoma na lipitishwe kwa mkono, ili mashine zisije zikajipitisha zenyewe. Ombi lilikuwa kwa mwandiko mwembamba wa Mchungaji:

*Naomba msomatope ahesabu mvua mbili kuwa mwaka mmoja, toka juu hadi pale mvua zinapoungana.*

Maneno matatu ya mwisho, pamoja na "hadi" iliyoyatangulia, yalikuwa yamekatwa kwa kalamu nyekundu. Pembeni mtu ameandika: *Mapambo. Yaondolewe.* Na chini yake, *E. Chilongani, Karani Msaidizi.*

Nilikumbuka. Si karatasi ile hasa, maana zilikuwa mamia, ila nilikumbuka kucheka. Ilikuwa mwezi wangu wa kwanza kazini. Kwetu mvua huja moja, ikichelewa tunaiombea, ikiondoka tunaisubiri mwaka mzima. Haina mwenzake wa kuungana naye. Niliposoma kwamba mvua zinaungana nilidhani ni mchungaji anaremba kama wachungaji wanavyoremba, nikamfupishia sentensi. Mashine ikaambiwa mbili kwa moja, toka juu mpaka mwisho wa tope, na ikatii.

Ma Kokuhirwa aliisoma begani kwangu. Akavuta kiti akanisukumia.

Nilirudi barazani na karatasi mkononi.

"Ulijua ni mimi."

"Nilijua."

"Ndiyo maana ukanitaja kwenye barua. Ukauliza mpaka chai yangu."

"Nilitaka kumjua mtu ninayemwita."

"Umenitega."

"Kidogo," akasema, wala hakuona haya. "Mwanzoni nilikuwa na hasira nawe. Miaka mingi nilijiambia kosa ni la karani wa Dodoma, mimi sikubadili kitu. Ilinisaidia kulala. Halafu nikaona ninafanya kile kile cha Adamu. Nikaamua nikuite uone wewe kabla hajaona mtu mwingine, kisha uandike langu. Nina miaka sabini na minne, nishuhudie nini tena? Wewe una kazi, una miaka ishirini mbele."

"Lakini hukubadili hesabu."

"Nilinyamaza."

"Fomu haiulizi aliyenyamaza."

"Basi iandike vibaya!" akapaza sauti. "Namba itatoka, watoto watapona, kesi imefungwa. Kuna ubaya gani?"

Ma Kokuhirwa alikuwa amesimama mlangoni. "Ubaya upo, Mwalimu," akasema. "Utaondoa uongo mmoja kwenye tope utauweka kwenye karatasi. Na mimi uliyenifunga macho miaka kumi na mmoja, kwenye fomu hiyo niko mstari gani?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Ma Kokuhirwa, nisamehe."

"Nitakusamehe, waitu, mtu wetu, lakini si leo," akasema, akaziondoa sahani.

Nilibaki na kalamu. Nyani haoni kundule, tulikuwa tukiwaambia washitakiwa ofisini, tena kwa kicheko. Nilijua vizuri kilichokuwa mbele yangu. Nikiandika Byarugaba, hakuna atakayefungua kabati lile. Kesho yake ningekuwa mezani kwangu, na mshitakiwa mwenyewe angenishukuru. Nikiandika Chilongani, si kazi tu inayokwisha. Sheria inasema mtu akiandikwa kwenye mstari ule, kila muhuri aliowahi kugonga unafunguliwa upya. Kila mmoja. Na ndani ya mihuri yangu kulikuwa na watu niliowagongea Uongo, waliokwisha kupoteza kazi na heshima, wengine ndoa. Niliogopa. Sikumwogopa Mkurugenzi, niliyaogopa majalada.

Nikagonga Uongo. Kisha nikaandika jina langu lote, la ubatizo na la ukoo, na tarehe ya siku ile niliyocheka.

Mchungaji aliunyosha mkono akaurudisha. "Mwanangu, umefanya nini?"

"Nimejibu swali. Na wewe Jumapili utasimama kanisani ujibu lako, hilo halina fomu."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, kwa upole wa mtu aliyezoea kuketi na wafiwa, "Hao uliowagongea Uongo, watakaofunguliwa majalada yao, ni wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Na wote walikuwa waongo?"

Nilifungua kinywa kusema ndiyo, kama ninavyosema siku zote. Badala yake nikamwona Bi Zulekha Idabu wa Kondoa, wa kwanza kabisa, mama mfupi aliyeleta majivu ya pangoni ndani ya chupa ya asali. Alikuwa anataka kunieleza kitu kuhusu majivu yale, jinsi watu wa kwao wanavyouzima moto na kuuwasha tena, na alikuwa ameshaanza kusema.

Nilimwambia ajibu alichoulizwa.